Taaluma ya Kufungua Jumba la Mwanasesere

Jumba kubwa la plastiki la mwanasesere, yaani kile kichezeo cha ghorofa tatu chenye lifti, bwawa na mteremko wa kutelezea ambacho hukaa kwenye sebule za Marekani kana kwamba nacho kinachangia kodi, ni miongoni mwa majengo machache duniani yaliyofikiriwa kwa kina namna ya kujengwa na hayakufikiriwa hata kidogo namna ya kuondolewa. Kijitabu cha maelekezo kinachokuja ndani ya boksi huonyesha kwa michoro na mishale jinsi kila ukuta unavyoingia katika sakafu yake, na mchoro wa mwisho huonyesha jumba limesimama. Hakuna ukurasa unaofuata huo, na hivyo mzazi anayetaka kulihamisha baada ya miaka mitano huanza kazi yake pale ambapo maandiko yameishia.

Mambo hayakuwa hivyo tangu awali. Mwanasesere Barbie alizinduliwa na kampuni ya Mattel mjini New York mwezi Machi 1959, na nyumba yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1962, ilikuwa ya kadibodi iliyochapwa rangi, ambayo ilikunjwa, ikafungwa na kubebwa mkononi kwa mpini. Haikuwa na jiko, jambo ambalo waandishi wa historia ya vichezeo hulisoma kuwa ishara ya mwanamke aliyejitegemea, lakini ambalo kwa mtu anayehama lina maana nyepesi zaidi, kwamba hapakuwa na friji ya kukwama mlangoni. Hata kabla ya hiyo, nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyobuniwa na msanifu majengo Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924, ilipewa maji ya bomba, umeme na lifti, lakini baada ya kuonyeshwa Wembley ilipelekwa kukaa katika kasri la Windsor, mahali ambapo wakazi hawana desturi ya kuhama kwa sababu mwenye nyumba ameongeza kodi.

Tatizo la jumba la leo huanza kwenye kipimo. Mwanasesere wa kimo cha sentimita 29 hutengenezwa kwa uwiano wa 1:6, maana yake kila sentimita moja ya kichezeo inasimama badala ya sentimita sita za dunia ya watu wazima, na kwa hesabu hiyo chumba chenye dari ya mita 2.4 huwa na kimo cha sentimita 40, na ghorofa tatu zikipandana hufikia mita 1.2, ambacho ni kimo cha mtoto wa miaka saba. Upana wake, bwawa na mteremko vikiwamo, hukaribia mita moja, ilhali mlango wa kawaida wa chumba nchini Marekani hauzidi sana sentimita 80. Jumba liliingia chumbani likiwa vipande ndani ya boksi, likakua humo humo, na sasa haliwezi kutoka likiwa zima. Wengi huukataa ukweli huo kwa muda na kujaribu kulipitisha kiubavu, na ni katika jaribio hilo ndipo roshani hutengana na jumba, na kuwapa wahusika matumaini ya uongo kwamba sehemu nyingine nazo zitakuwa na hiari ya namna hiyo.

Uimara wa jumba hautokani na skrubu, ambazo ni chache na aghalabu hupatikana kwenye kifuniko cha betri tu, bali unatokana na kiungo kinachoweza kuitwa ulimi wa kubana, yaani kipande chembamba cha plastiki kilichochomoza ukingoni mwa ukuta na chenye nundu nchani, ambacho hupinda kidogo kinaposukumwa ndani ya tundu la sakafu, kisha hujinyoosha upande wa pili na kulia tak. Uso wa mbele wa nundu hiyo umekatwa mshazari ili uteleze. Uso wa nyuma ndio wenye siri. Mhandisi akiuacha nao uwe na mshazari, kiungo kitafunguka kikivutwa kwa nguvu ya kutosha, na akiuchonga kwa pembe mraba, basi kiungo hicho, kama ndoana ya mvuvi, huingia kwa upole na hakitoki bila nyama. Tofauti hiyo ya nyuzi kadhaa haionekani kwa nje, kwa hiyo mfunguaji hujua yuko mbele ya kiungo cha aina gani baada ya kuvuta, yaani baada ya habari yenyewe kupoteza manufaa.

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wahandisi kwa ukaidi, lakini haki inadai isemwe kwamba sheria iko upande wao. Kiwango cha usalama wa vichezeo cha Marekani, kinachojulikana kwa alama ASTM F963 na kilichofanywa kuwa cha lazima kwa sheria ya mwaka 2008, kinataka vichezeo vya watoto vidondoshwe, visokotwe na kuvutwa kwa vipimo maalumu kabla ya kuuzwa, ili ionekane kama kutabanduka kijipande cha kumkaba mtoto koo. Mzazi aliyepiga goti kwenye zulia usiku, akiusokota mnara kwa mkono mmoja na kuvuta paa kwa mwingine, anarudia kwa jasho jaribio ambalo kichezeo kilikwisha kulifaulu maabarani.

Kuhusu mbinu, wafunguaji wamegawanyika katika madhehebu mawili. Wapo wavutaji, wanaoamini kwamba kila kilichoingia kitatoka, na wapo wapenyezaji, wanaochomeka kisu cha mezani kwenye ufa ili kuusukuma ulimi urudi ulikotoka, na ambao hutambulika baadaye wakati wa chakula kwa umbo la visu vyao. Ipo kanuni ya kweli inayoyapita madhehebu yote mawili, nayo ni kwamba kipande cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka, kwa sababu mara nyingi ndicho kinachovibana vingine; kanuni hiyo hata hivyo humtaka mtu ajue kipande cha mwisho kilikuwa kipi, na jambo hilo limeandikwa kwenye kile kijitabu, ambacho kilitupwa pamoja na boksi siku ile ile jumba liliposimamishwa. Katika familia za Waswahili waishio ng'ambo kuna dhehebu la tatu, la mjomba aliyepita kunywa chai, ambaye hutazama kwa muda mrefu bila kusema neno, husogeza kikombe pembeni, husema "hebu leteni hapa," na baada ya hapo jumba huwa na vipande vingi kuliko vile vilivyotoka kiwandani.

Plastiki yenyewe ina tabia zake. Iliyo ngumu na yenye kung'aa mara nyingi ni ile iitwayo ABS, ambayo kabla ya kukatika hutoa onyo, kwa kuwa sehemu iliyoelemewa hugeuka nyeupe kutokana na vitobo vidogo mno vinavyofunguka ndani yake. Ni onyo la kistaarabu, ila hutolewa kwa mtu ambaye mikono yake yote miwili imeshika ukuta, kidevu kimekandamiza dari na meno yameuma tochi. Laini zaidi ni polipropilini, ambayo hupindwa mara nyingi bila kulalamika, mradi kuna joto, kwa maana inapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi hupoteza unyumbufu na kuanza kuvunjika. Kwa hiyo anayehama katika baridi ya Minneapolis mwezi Januari na kuamua kwenda kulifungulia jumba gerejini, ili asiwasumbue waliolala, amechagua kwa hisani yake mwenyewe mazingira mabaya kuliko yote. Kikausha nywele husaidia, kwani ulimi uliopashwa moto kiasi hupinda kwa urahisi, ingawa si kila mwenye nyumba hupenda kukutwa saa sita za usiku akilipuliza jumba la rangi ya waridi.

Stika nazo, zile karatasi za kunata zenye picha za maua, vitabu, farasi na mahali pa kuotea moto, zilibandikwa na mtoto kwa mujibu wa ladha yake, na ladha ya mtoto hupenda kuvuka viungo. Hakuna namna ya kuutenganisha ukuta na sakafu bila kumkata farasi katikati.

Sehemu inayostahili uangalifu kuliko zote ni sauti. Majumba mengi ya kisasa yana kitufe cha kengele ya mlango au cha muziki, na kwa kuwa kila kuta mbili zinaposuguana kitufe hicho huweza kubonyezwa, jumba huanza kuimba wakati ambapo mwenyewe halisi, aliyeambiwa kwamba jumba linakwenda kupumzika, amelala chumba cha pili. Busara ni kutoa betri kwanza, lakini kifuniko chake hufungwa kwa skrubu ndogo yenye alama ya msalaba, ya aina iliyopewa hataza ya Henry F. Phillips mwaka 1936, ambayo ina sifa ya kuitema bisibisi ikizungushwa kwa nguvu kupita kiasi, nayo bisibisi ya nyota ya ukubwa unaofaa huwa ndani ya katoni ambayo tayari imefungwa kwa selotepu na kuandikwa "Jikoni". Kifuniko kikifunguka, hukutwa ukoko mweupe wa betri zilizovuja miaka kadhaa iliyopita, ambao ni alkali inayowasha ngozi na hutolewa kwa pamba iliyolowa siki. Na swali la muziki ulikuwa ukitoka wapi, ikiwa betri zilikwisha kufa, hujibiwa pale inapogunduliwa kwamba friji ya jikoni ina betri zake yenyewe.

Ndani ya shimo la lifti hutokea rimoti ya televisheni, iliyotafutwa kwa mwaka mzima na ambayo mjomba aliwahi kushukiwa kuichukua.

Halafu huja kazi ya kumpata mpokeaji, kwa kuwa kichezeo chenye mchanganyiko wa plastiki za aina mbalimbali, nyaya na gundi hakikubaliwi kwa kawaida katika mapipa ya taka za kuchakatwa yanayowekwa nje ya nyumba. Vipande vikishapangwa kwenye mifuko na kila mfuko ukaandikwa kwa kalamu, tangazo hutolewa, na mnunuzi huja, hukubali bei, huuliza kama lifti bado inapanda, kisha kwa adabu na kwa haki yake yote huomba jumba lisimamishwe kwanza ili ahakikishe kwamba hakuna kinachokosekana. Ndimi zilizosalimika huingia na kulia tak, ukuta wa jiko husimama kwa msaada wa selotepu, friji huimba, naye mnunuzi akisharidhika hufungua buti ya gari lake dogo na kuuliza linafunguliwaje.