Katika Kuisifu Tezi Dume

Washairi wamesifu mali, mahaba na majemadari, lakini sijamsikia aliyeisifu tezi dume, ilhali ni dhahiri kwamba hapana kiungo kingine cha mwanamume kipandacho daraja kwa umri pasipo kuomba wala kuhonga. Ujanani huwa na uzito wa gramu 20 hivi, imetulia kwa adabu chini ya kibofu, ikiuzunguka mrija wa mkojo. Naye bwana wake akipita miaka 50, nywele, meno na nguvu zikianza kumhama, hiyo husalia naye kwa uaminifu, tena ikinawiri.

Kunawiri huko ndiko madrasa yake. Mrija ukibanwa, kibofu hulazimika kusukuma kwa bidii, misuli yake ikatutumka kama shingo ya fahali wa mapigano wa Khayega, kisha kikawa chepesi cha hamaki, kikidai haja kabla hakijajaa. Basi mzee wa Kakamega, ambaye hata mvua ya mawe juu ya mabati haikumwamsha, sasa huondoka kitandani mara tatu au nne kabla ya alfajiri; akifika chooni husimama akingoja, mkojo ukaja, ukakatika, ukaja tena kwa matone, mpaka akahitimu subira ambayo mahubiri ya miaka mingi hayakumfunza. Wala haibagui: chifu na mchunga ng'ombe huisujudia sawasawa.

Hata msitu wa Kakamega umepata sharafu kwayo, kwani humo huota Prunus africana, mti ambao magome yake hutumiwa tangu jadi kama dawa ya maradhi haya ya mkojo, nao ulichunwa sana barani Afrika kwa ajili ya viwanda vya Ulaya, hata ukaingizwa mwaka 1995 katika mkataba wa kimataifa wa CITES ili biashara yake idhibitiwe.

Ila karamu ya tezi hii haina kiasi. Mkojo usaliao kibofuni huzaa uambukizo na vijiwe, shinikizo likirudi juu hudhuru figo, na siku njia ikizibika kabisa mzee hukimbizwa hospitali akigumia, asipate faraja mpaka atiwe mpira wa kutoa mkojo.

Kwa hiyo, wazee wangu, isifuni mpendavyo, lakini msiifiche. Huko kukua si saratani, ila dalili zaweza kufanana, na mwenye kuzipambanua ni daktari. Dawa zipo, upasuaji upo. Anayenyamaza kwa kisingizio cha uzee hakulinda heshima yake, amehatarisha figo zake.