Shangazi Kwenye Mizani

Ukitaka kujua marubani wa Jumamosi huongea nini, njoo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mwendo wa saa nne asubuhi, utukute kwenye benchi letu kando ya banda la ndege. Utatarajia habari za mawingu na pepo za Ngong. Utaambulia habari za kabureta.

Tuko watano, tuna hisa katika Cessna 172 moja iliyozeeka kwa heshima, na karibu kila mmoja ana gari lililozeeka bila heshima. Daktari wa meno ana Land Rover isiyo na breki ya mkono. Hutembea na jiwe la kuzuia gurudumu, na jiwe hilo limezuru kaunti nyingi kuliko wabunge wengi. Mwalimu ana Datsun ambayo mlango wa dereva haufunguki, basi huingilia upande wa abiria, miguu mbele, kama mtoto anayekataa kuzaliwa vizuri. Mama mwenye duka la simenti ana Volkswagen isiyowaka bila kusukumwa, kwa hiyo popote aendapo hutafuta mteremko kabla ya kutafuta kivuli. Wa nne ni makanika mstaafu. Yeye huja kwa matatu.

Mimi nina Peugeot 504 ya marehemu baba. Gari la aina hiyo lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975, likashinda tena 1978, na baba aliupokea ushindi wote wawili kana kwamba ni yeye aliyekuwa kwenye usukani. Nimerithi gari pamoja na majivuno yake. Kasoro yake ni ndogo: mshale wa mafuta umegota kwenye nusu. Nikitia lita tano, ni nusu. Zikiisha, ni nusu. Miaka mitatu nimekuwa mtu wa nusu tangi, na nilikuwa nimeridhika.

Mwaka jana Shangazi alikuja kutoka kijijini kututembelea. Nikamwahidi nitampeleka angani akaone Ziwa Magadi kutoka juu. Alifika uwanjani na gauni la kanisani, kofia, na kiondo kilichojaa ndizi, “kwa sababu huko juu hakuna duka.”

Hapo ndipo nilipolazimika kumuuliza swali ambalo mtu aliyelelewa vizuri hamuulizi shangazi yake.

“Shangazi, una kilo ngapi?”

Benchi zima likanyamaza. Mwalimu aligeuka akatazama ukuta.

Swali lenyewe lina maana. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi: injini haipati pumzi ya kutosha, na mabawa hayapati hewa nzito ya kushika. Jua likipanda, hewa huzidi kuwa nyepesi. Cessna 172 ina viti vinne, lakini ukijaza matangi na kuketisha watu wanne walioshiba, utakimbia barabara nzima ya kurukia ukitazama ua wa Mbuga ya Nairobi ukikusogelea. Ndiyo maana tunajumlisha kila kitu: watu, mafuta, na hata ndizi.

“Sitini na tano,” akajibu Shangazi, akitazama mbali.

Tuna mizani ya mizigo bandani. Nikamwomba apande, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote. Akapanda. Mizani ikasema themanini na nne. Akashuka, akapangusa gauni, akasema mizani ya mjini haina adabu.

Nikaendelea na ukaguzi, naye akinifuata nyuma kama mkaguzi wa hesabu. Nilipanda ngazi, nikafungua kifuniko cha tangi la bawa la kushoto, nikatumbukiza kijiti cha kupimia, nikasoma. Nikaenda la kulia, nikafanya vivyo hivyo. Geji za mafuta zimo ndani ya ndege, lakini rubani mwenye akili huzitazama kama anavyomtazama jirani mwenye porojo: unamsikiliza, halafu unakwenda kuhakikisha mwenyewe. Kisha nikainama chini ya bawa, nikakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, nikakiinua juani. Petroli ya ndege zetu ni ya buluu, na kama kuna maji utayaona yametuama chini.

“Unayanywa?” Shangazi akauliza.

“Nayapima, Shangazi. Angani mafuta yakiisha, huwezi kuegesha kando ya barabara.”

Sentensi hiyo niliitamka nikiwa nimeinua kidole. Ikumbuke, maana Shangazi aliikumbuka.

Safari ilikuwa tamu. Tulivuka milima ya Ngong, ardhi ikaporomoka kwenye Bonde la Ufa, na Magadi likajitandaza chini yetu, waridi na jeupe, kama uji uliopoa kwenye sinia. Shangazi aliomba kwa sauti tulipopaa, akala ndizi mbili tukiwa juu ya ziwa, na tulipotua akawapungia mkono watu wa kwenye benchi kama rais anayerudi kutoka ng'ambo.

Jioni tukapanda Peugeot kuelekea Rongai. Tulishika barabara ya Lang'ata, tukakata kona Bomas, na baada ya hapo, ua wa mbuga ukiwa upande wetu wa kushoto, injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Nikatazama geji. Nusu.

“Ni nini?” Shangazi akauliza.

“Labda plagi,” nikasema. Mwanamume hukimbilia plagi kabla ya kukiri.

Makanga wa matatu ya Rongai akapita akining'inia mlangoni, muziki ukitikisa lami, akapaaza sauti, “Mzee, hiyo mali ya makumbusho umeitoa kwa ruhusa ya nani?” Giza lilikuwa linaingia. Shangazi aliwahi kusikia redioni kwamba mwaka 2016 simba walitoka mbugani wakazurura mitaani, naye hasahau habari ya namna hiyo. Akapandisha vioo, akakataa katakata kushuka. Basi akashika usukani, nami nikasukuma gari hadi pembeni. Asubuhi nilizisoma zile kilo themanini na nne kwenye mizani; jioni nikazihakiki kwa mabega.

Nilipofika dirishani nikihema, alikishusha kioo inchi moja.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “mimi ulinipima. Ndizi zangu ulizipima. Mafuta ya ndege uliyapima mara mbili, ukayatazama juani. Ya gari alipaswa kupima nani?”

Sikuwa na jibu. Mwenye bodaboda alikwenda kuniletea lita tano kwa bei ambayo ningependa ibaki kati yangu naye.

Jumamosi iliyofuata nilijitetea benchini. Nikawakumbusha Beryl Markham, binti aliyekulia Kenya, aliyeruka peke yake kutoka Uingereza mwaka 1936 akaivuka Atlantiki kuelekea magharibi. Injini yake ilikosa mafuta akaangukia kwenye kinamasi huko Kanada, na dunia ikamshangilia.

“Yake yalikuwemo,” akasema Mwalimu, “ila barafu iliyazuia yasifike kwenye injini. Halafu yeye alikuwa amevuka bahari. Wewe ulikuwa umevuka Bomas.”

Walicheka mpaka nikachoka kuwatazama. Lakini kicheko kilipotulia, Daktari akakiri kwamba wiki hiyo hiyo gesi ilimwishia jikoni, wageni wakiwa mezani na ugali ukiwa majimaji. Mama wa simenti akakiri kwamba alisahau kulipia leseni ya duka. Kumbe benchi zima ni la watu wanaosoma orodha ya ukaguzi mstari kwa mstari kabla ya kuwasha ndege, kisha wanarudi nyumbani kuishi kwa kubahatisha.

Makanika mstaafu alimaliza chai yake kwanza. “Ndege mnaiogopa,” akasema. “Gari mmelizoea.” Akaondoka kuwahi matatu.

Siku hizi kila asubuhi nalizunguka Peugeot kabla ya kuondoka: nagusa matairi, nainama kutazama chini, natikisa bampa nisikilize mafuta yakicheza tangini. Askari wa getini aliniuliza mara tatu nimepoteza nini, halafu akaanza kunisalimia akiwa mbali. Geji bado inasema nusu.

Shangazi naye hupiga simu kila Jumapili. Huuliza kwanza, “Umekula?” Nikijibu kwamba nimekula, hunyamaza kidogo, kisha huuliza, “Na huyo mwenzako wa nje?”

“Ameshiba, Shangazi.”

“Umempima?”