Namna ya Kusaka Udongo Shuleni Bila Kumwaibisha Mtu

Mwalimu mwenzangu, ukichoka kuandika ubaoni "mmomonyoko wa udongo ni…" huku darasa zima likinakili nusu usingizini, watoe nje. Wagawe makundi, kila kundi lipewe karatasi ya vitu vya kusaka, na kengele ikilia warudi na ushahidi. Mchezo huu haugharimu kitu. Ubaya wake ni kwamba watoto wana macho.

Basi uwe makini na orodha. Usithubutu kuandika "mizizi iliyoachwa wazi", maana wataukimbilia mwembe wa pale mstarini, ambao siku hizi umesimama kwa vidole. Wala usiandike "alama za matone ya mvua". Tone likipiga udongo mtupu hurusha chembe zake juu, na ule ukuta uliopakwa chokaa kwa heshima ya mgeni rasmi umeshageuka mwekundu hadi usawa wa goti. Yupo atakayeleta rula.

Akiuliza kwa nini udongo uko mtupu, mjibu kwamba huo ni usafi. Kila asubuhi uwanja hufagiliwa kwa fagio la chelewa hadi jani la mwisho, majani yakachomwa nyuma ya choo, na saa 4 wanafunzi wale wale hufundishwa faida za matandazo. Kwa mchoro. Mzuie tu yule bingwa wa hesabu: milimita 1 ya udongo ikiondoka kwenye hekta 1 ni meta za ujazo 10, na huo ni mzigo wa zaidi ya tani 10. Hesabu za namna hiyo huharibu hamu ya kufagia.

"Fanya juu" nayo uitie kwenye orodha kwa tahadhari. Wakulima wa Machakos wanaijua vizuri: unachimba mtaro kukinga mteremko, udongo unautupa upande wa juu, tuta unalipanda majani, na miaka ikipita shamba linajitengenezea ngazi lenyewe. Wanafunzi wako pia wanaijua, tena kwa malengelenge, kwa kuwa hapo shuleni ndiyo adhabu ya wachelewaji. Wala usijisifu kwamba umebuni jambo. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi iliyofukua udongo wa chini usio na rutuba ukakaa juu, na mwaka 1955 watu wakachachamaa. Bahati yako, wachimbaji wako wana miaka kumi na moja.

Salama zaidi ni kuwaagiza walete jani bichi, jiwe na mnyoo. Mnyoo hawataupata, ila watautafuta kwa bidii na muda utakwisha.

Likibaki kundi kaidi linalodai limeona korongo, lifuate. Litakupeleka chini ya paa la bati lisilo na mfereji wa kukinga maji, ambapo mvua za masika zimechimba handaki kando ya msingi hadi mawe yanaonekana. Angalia kibao cha mlangoni kabla ya kutoa alama. Kikiwa kimeandikwa "Mwalimu Mkuu", lipe sifuri kwa kutoka nje ya mada.