Jina la Mfadhili

Katika jumla ya masaibu yanayomfika mtu anayetafuta riziki yake mjini Goma kwa kazi ya kurekodi nyimbo, umeme kukatika ni jambo dogo, kwa maana umeme, ukisha kwenda zake, haurudi kukuuliza kwa nini sauti yake haisikiki. Mteja hurudi.

Nilijiwa na kwaya moja kutoka Kalengera, watu wa adabu na taadhima, ambao kila mmoja wao, tulipokwisha kuusikiliza wimbo, alinivuta kando akaninong'oneza kwamba kazi ni nzuri mno, ila sauti yake yeye ipandishwe kidogo. Nami, kwa kuchelea lawama, nikawapandishia wote kwa kadiri moja, wimbo ukabaki vile vile ulivyokuwa, na wote wakanishukuru.

Taabu ya hakika ilikuja na mfadhili wao, tajiri wa maharagwe, aliyetoa avansi kwa dola na kwa hiyo akataka atajwe. Hilo halikunishangaza, kwani katika muziki wa Kongo kutupa mabanga, yaani kutaja watu kwa malipo katikati ya wimbo, ni ada iliyokwisha kuota mizizi. Na hata Franco, fundi asiye na mfano, mwaka 1973 aliwaimbia wauzaji wa magari ya Volkswagen wimbo wa «Azda», ukachezwa kwa furaha na wengi wasiokuwa hata na baiskeli. Lakini Franco alisifu magari, na wetu ulikuwa wimbo wa kumsifu Mwenyezi Mungu.

«Papa Injenia,» akaniambia yule tajiri, «jina langu litajwe mwanzo, katikati na mwisho.»

«Na la Mungu, Mzee?»

«Lile linajulikana tayari.»

Papo hapo umeme ukakatika. Mwalimu wa kwaya akainamisha kichwa, kwa kudhani kwamba tumejibiwa kutoka juu. Mfadhili akamtuma kijana petroli ya jenereta.

Wimbo ulipoanza kusikika redioni, yule tajiri akanirudia hima, jasho likimtiririka, kwa sababu wadai wake, ambao kwa muda mrefu alikuwa akiwaapia kwamba amefilisika, walikuwa wamesikia kwaya nzima ikishuhudia kuwa yeye ni karimu asiyepungukiwa. Akataka jina liondolewe. Nikamweleza kwamba waimbaji wote walisimama mbele ya mikro moja, kwa hiyo kuliondoa ni kuirudisha kwaya yote kutoka Kalengera, kwa nauli yake na chakula chake.

Akatafakari kwa kitambo kirefu.

«Basi langu liache,» akasema. «Uwatie na wadai wangu mwishoni, kila mmoja kwa sifa zake, wapate kunivumilia.»

Akaniachia orodha ndefu, nami nikaisoma kwa uangalifu kutoka juu hadi chini. Jina langu mimi, ambaye nusu ya ujira wangu bado ilikuwa mfukoni mwake, halikuwamo.