Fomu, Kungwi Wangu wa Pili

Washairi wa Pwani wamesifu karibu kila kitu: mnazi, jahazi, wali wa nazi, na macho ya wanawake ambao hawajapata kuwaona wakifua. Hakuna aliyejitolea hata beti mbili kuisifu fomu ya uhamiaji, ambayo imetunza ndoa nyingi kuliko makadhi na mapadri wakiwekwa kapu moja. Mimi si mshairi, lakini nimeishi nayo nyumba moja tangu niolewe, na asiyemshukuru mja hamshukuru Mola.

Fomu ninazozisema ni zile za waliooa au kuolewa na raia wa Marekani. Ya kwanza ni I-130, ambayo mume wangu, Mmombasa mwenzangu aliyetangulia kupata uraia, aliijaza kuiarifu serikali yake kwamba ana mke. Ya mwisho ni N-400, ya kuomba uraia, ambayo hivi niandikavyo iko juu ya meza ya jikoni. Kati ya hizo mbili zimepita nyingine, kila moja na kijitabu chake cha maagizo, na kila kijitabu kikinituma nikasome kingine.

Wema wake mkubwa ni ukungwi. Kabla ya nikahi mamangu alinitafutia somo wa kunifunda, bibi wa sauti ya chini na jicho kali. Akanifunza udi, akanifunza wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, na mengine ambayo si ya gazetini. Alipomaliza alipewa leso zake na pesa zake, akenda kwake. Fomu haijenda kwake. Somo aliniambia nimfichie mume wangu siri. Fomu iliniambia nizitoe nakala.

Tazama ilivyotufunda kushirikiana. Nyumbani kwetu mume ana pesa zake na mke ana kibubu chake, na amani hudumu kwa sababu hakuna anayejua cha mwenziwe. Fomu haitaki hayo. Inataka akaunti ya pamoja, mkataba wa nyumba wa pamoja, bima ya pamoja, na bili ya stima yenye majina mawili. Ile bili ya kwanza ilipofika tuliisoma tumesimama kwenye theluji kando ya sanduku la posta. Jina langu lilikuwa limekatwa katikati, maana mashine yao haikutenga nafasi ya mtu mwenye majina matatu, lakini kipande kilichobaki kilikuwa changu, na mume wangu alikitazama kwa macho ambayo sikuyaona hata siku aliyonipa mkono. Zamani mtu akinunua kitanda alinunua kitanda. Sisi tulinunua ushahidi: risiti ilitiwa kwenye plastiki godoro likiwa bado na kamba zake.

Ilitufunda pia kujuana. Nilikaa usiku kucha nikihifadhi mahali alipozaliwa baba mkwe, anwani zote alizokaa mume wangu kwa miaka 5, na tarehe ya kuzaliwa ya mama mkwe, ambaye mwenyewe husema alizaliwa mwaka wa mvua kubwa. Fomu haina kisanduku cha mvua kubwa. Kwa bahati kitambulisho chake kilikwishampa tarehe 1 Januari, siku waliyozaliwa nusu ya wazee wa Afrika Mashariki.

Na ilitufunda kukaa. Wakati mmoja tuligombana vizuri, ugomvi wa kufunga virago, nami nikavifunga. Nilipofika mlangoni nikakumbuka kwamba mgeni akihama anwani sharti aijulishe serikali ndani ya siku 10, na kwamba iko fomu ya jambo hilo, iitwayo AR-11. Nikarudi nikavifungua virago. Nani mpatanishi wa kutoka kwa mjomba au shangazi aliyewahi kumaliza ugomvi kwa tishio la karatasi tu?

Lakini mwalimu wa walimu ni I-864. Humo mume huahidi kwamba mkewe hatawekwa chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichopangwa na serikali, na akishindwa, mke anaweza kumpeleka mahakamani. Ahadi hiyo haikatiki kwa talaka. Kadhi wetu akisikia talaka tatu huandika, akafunga daftari lake. I-864 hungoja mpaka mke awe raia, au ahesabiwe robo 40 za mwaka za kazi, yaani kama miaka 10, au aihame nchi na kuuacha ukaazi wake, au mmoja wao afe. Nilipomweleza mamangu kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi hiyo ndiyo ndoa, mwanangu. Ile ya msikitini ilikuwa posa."

Fadhila nyingine nazitaja mbio mbio. Fomu hufunza jiografia: bila yake nisingejua kwamba duniani pana mji uitwao Portsmouth, jimbo la New Hampshire, ambako majalada ya watu wanaoomba viza za kuhamia Marekani hupitia. Hufunza unyenyekevu wa wino mweusi. Hulisha mawakili, wenye mashine za fotokopi na wapiga picha za inchi 2 kwa 2. Hufunza hesabu: tangu Aprili 2024 kuomba uraia kwa karatasi ni dola 760 na kwa mtandao ni dola 710, hivyo mtu akibofya ameshapata dola 50 za kumpa wakili. Subira pia hufunza, na hilo nitalirudia sasa hivi, nikiwa na hali nyingine.

Aliyeingia Marekani kabla ndoa yake haijatimiza miaka 2 hupewa grini kadi ya miaka 2, yenye masharti. Hiyo ni kazi ya sheria ya 1986, iliyotungwa kuzuia ndoa za udanganyifu. Siku 90 kabla ya kadi kuisha, mlango hufunguka: mume na mke hupeleka I-751 kwa pamoja, na dola 750, kuthibitisha kwamba walioana kweli. Wakiipeleka kabla ya hapo hurudishiwa. Wakichelewa bila sababu ya maana, mke hupoteza ukaazi. Wakiipeleka kwa wakati, huletewa barua ya kusema kadi ile imeongezwa umri wakati fomu ikingojea kusomwa, na tangu Januari 2023 barua hiyo huongeza miezi 48. Kadi ni ya miezi 24. Barua ya kungojea ni ya miezi 48. Mtoto akizaliwa siku inapofika, ataingia chekechea nayo ingali halali.

Haya nayo ni mafunzo, nami ningeyapokea kwa adabu kama si siku ile ya mahojiano ya viza.

Nilisimama mbele ya dirisha la kioo na faili langu. Nyuma yake alikaa kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri, akaniomba picha za harusi. Nikazipitisha chini ya kioo. Ya kwanza: mume wangu msikitini, na joho lake na kilemba, mkono wake mkononi mwa babangu, wanaume wamejaa hadi ukumbini. Ya pili: mikono yangu na hina. Ya tatu: sinia za pilau zimepangwa uani. Akazipitia zote, akarudi mwanzo.

"Picha mliyopiga pamoja siku ya harusi iko wapi?"

Nikamweleza kwamba kwetu bibi arusi haendi msikitini. Babake ndiye walii wake, humwozesha mbele ya mashahidi.

"Kwa hiyo hukuwepo kwenye harusi yako?"

"Sikuwepo msikitini."

"Na yeye hakuwepo kwenye sherehe yako?"

"Ilikuwa kupamba, ya wanawake watupu. Angeingia angetolewa."

"Na picha za sherehe hiyo?"

Simu zote zilikusanywa mlangoni. Hivyo ndivyo tufanyavyo, ili mabinti wa watu waliovua mabuibui wacheze kwa raha zao bila kujikuta kwenye simu za wanaume wasiowajua. Aliandika kitu kirefu. Kisha akanipa karatasi ya kutaka ushahidi zaidi.

Nimejaribu kulicheka jambo hili na bado halichekeki. Ile nikahi ilikuwa na walii, mashahidi na sahihi ya kadhi, na mtaa mzima ulikula pilau yake. Hakuna hata mlaji mmoja aliyeulizwa. Heshima yetu yote, ya kutojianika na kutoshikana mbele za wakwe, ilipopita chini ya kioo kile iligeuka dalili ya wizi. Na walio wezi kweli? Anayenunua ndoa ya makaratasi hafiki pale mikono mitupu. Ana picha za keki, picha za ufukweni, picha za mkwe bandia akimkumbatia mkwe bandia. Mwongo huisoma orodha ya ushahidi kabla ya kuoa; mkweli huisoma baadaye. Kichujio kilichotengenezwa kumnasa mwongo kinampitisha kwa sababu amekisoma, na kinamkwamisha mtu ambaye hakujua kwamba siku ya furaha yake alipaswa kujitengenezea utetezi.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, niseme na la pili. Sheria ile ya 1986 haikutupa sisi peke yetu siku 90. Imeandikwa humo humo kwamba mahojiano ya ombi letu yafanywe ndani ya siku 90 tangu lipelekwe, na uamuzi utolewe ndani ya siku 90 baada ya mahojiano. Kisha sheria ikawaruhusu maafisa wenyewe waiondoe tarehe hiyo ya mahojiano, au wayaondoe mahojiano kabisa. Siku 90 zetu zikipita, mke anafukuzika. Siku 90 zao zikipita, yanakuja mafunzo ya subira ya miezi 48. Wakihitaji karatasi zaidi kutoka kwetu hawatupi zaidi ya wiki 12, na siku 3 za posta. Ombi langu mimi lilipokewa, nikapewa stakabadhi, na siku 90 zao zilikwisha kitambo. Hakuna fomu ya kuwaomba wathibitishe kwamba uhusiano wao na sheria yao ni wa kweli.

Wenzangu wa nyumbani wasicheke sana. Sanaa ya kushukiwa sikujifunzia ng'ambo. Kenya, kwa miaka mingi, kijana wa Kisomali, wa Kinubi au wa Kiarabu aliyetaka kitambulisho aliketishwa mbele ya kamati ya kumchuja, akaombwa vyeti vya babu ambaye serikali yenyewe haikuwahi kumpa cheti. Mpaka Katiba ya 2010, Mkenya mwanamume aliweza kumpatia mkewe mgeni uraia, Mkenya mwanamke hakuweza kumpatia mumewe. Sasa Ibara ya 15 inampa yeyote kati yao haki ya kuomba akitimiza miaka 7 ya ndoa. Jirani zetu Tanzania, sheria yao ya uraia ya 1995 ingali inamtaja mke wa raia, na mume wa raia ajue la kufanya. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake huupoteza wa kwao. Mimi, kwa Ibara ya 16, sitaupoteza wangu, na kwa hilo naishukuru karatasi moja kwa moyo safi.

Basi turudi kwenye N-400. Mke anayeishi na mumewe raia huruhusiwa kuomba uraia akitimiza miaka 3 ya ukaazi, naye anaweza kuipeleka fomu siku 90 kabla. I-751 yangu bado haijaguswa, kwa hiyo nitathibitisha ndoa yangu upya kwa watu ambao hawajasoma uthibitisho wa kwanza. Fomu inauliza kama nimewahi kuwa na mume zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Sijui wamemwonaje huyu niliye naye hata wakadhani nina nafasi. Kwa miaka mingi iliuliza pia kama mwombaji alishirikiana na serikali ya Nazi kati ya 1933 na 1945, hata mwombaji awe binti wa Kisauni aliyezaliwa nusu karne baadaye.

Baada ya fomu kuna mtihani wa uraia. Kwa walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, maswali ya kusoma ni 128, mtu huulizwa hadi 20, akipata 12 amefaulu. Mume wangu hunihoji kila usiku baada ya isha, naye amegeuka somo mkali kuliko yule wa kwanza. Vita na marais vinanisumbua. Swali moja sijalikosa tangu nianze: utawala wa sheria ni nini? Miongoni mwa majibu yanayokubaliwa kuna hili, kwamba serikali ni lazima itii sheria. Nitalitoa jibu hilo mbele ya afisa, nimekaa wima, bila kucheka, na yeye ataniwekea alama ya kupata.