Mpe Bisibisi Likizo

BABU SHABAHA ANAJIBU

“Babu, mjukuu wako niko Stuttgart, Ujerumani. Nimejiunga na klabu ya walenga shabaha ya mtaani kwetu na nimenunua bunduki ya hewa ya mashindano, ya mkono wa pili lakini ya kampuni yenye jina. Risasi ya kwanza ilikwenda kushoto, nikasogeza kilengeo. Ya pili ikaenda kulia, nikakirudisha. Ya tatu ikapanda juu. Hadi leo nimelegeza na kukaza kila skrubu ninayoiona, kwa bisibisi ndogo ya cherehani ya mke wangu, na matundu yanazidi kutawanyika. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? — Mkaza Skrubu.”

Mjukuu, kabla hatujaisingizia bunduki, tusome ushahidi ulioandika kwa mkono wako. Hata bunduki nzuri kiasi gani, hata iliyobanwa kwenye jiliwa, haipitishi risasi zake zote katika tundu moja. Kila risasi ina mapepe yake kidogo. Kwa hiyo ile ya kwanza ilipokwenda kushoto ilikuwa imebeba habari mbili zilizochanganyika: mahali kilengeo kilipoelekea, na bahati ya risasi ile peke yake. Wewe ukasahihisha zote mbili kwa mkupuo. Bahati hairudii, lakini marekebisho yako yalibaki kwenye kilengeo, na risasi ya pili ikaondoka na bahati yake juu ya bahati ya mwenzake aliyetangulia. Jambo hili lina hesabu. Mwanatakwimu wa Marekani W. Edwards Deming alilieleza katika kitabu chake cha 1986, *Out of the Crisis*, kwa faneli na gololi: dondosha gololi kupitia faneli ikilenga alama mezani, na kila ikikosea, sogeza faneli upande wa pili kwa kiasi kilekile cha kosa. Mwenye kufanya hivyo anajiona mwangalifu, kumbe upana wa mtawanyiko wake umeongezeka kwa asilimia 41 hivi kuliko wa mvivu aliyeiacha faneli ilipo. Deming alikuwa akiwasema mameneja wa viwanda wanaogusa mitambo kila saa. Angekuona wewe na bisibisi ya cherehani ya mkeo, angekuweka kwenye toleo la pili.

Sasa tupime ukubwa wa jambo lenyewe, kwa sababu wengi wanaogopa kwa kutojua milimita. Katika mchezo wa mita 10, kitone cha pointi 10 kina kipenyo cha nusu milimita, na risasi ina milimita 4.5. Risasi ikikigusa kitone, umepata 10. Maana yake kitovu cha risasi kinaruhusiwa kukosea milimita 2.5 kila upande na bado ukasifiwa. Ukihesabu kwa desimali, kila hatua ni robo ya milimita, hadi kufikia 10.9 ambayo haina ya juu yake. Watengenezaji wakubwa wa Ujerumani huiuza bunduki mpya ya mashindano pamoja na kadi iliyopigwa kiwandani, bunduki ikiwa imebanwa, na kwenye kadi hiyo risasi kadhaa huonekana kama tundu moja lililonenepa kidogo. Kama yako bado iko katika hali hiyo, basi sehemu kubwa ya mtawanyiko wako haimo ndani ya chuma. Imo katika shavu lako, bega lako, kidole chako na kopo la risasi ulilonunua kwa sababu lilikuwa na picha nzuri. Ndiyo sababu nashikilia kwamba kuiweka sawa bunduki ni kazi ya kulipunguza kundi la matundu kwanza, popote litakapoangukia. Kulihamishia katikati ni kazi ya dakika mbili, na ni ya mwisho.

Hapo msomaji mwingine, aliyejiita Risasi Tatu, ananirukia. Anasema yeye hagusi kitu baada ya risasi moja. Hupiga tatu, akiona kundi dogo kama punje ya mahindi hujua badiliko limefaa, lakini ajabu ni kwamba kesho yake punje huwa embe. Mjukuu, hakuna ajabu. Risasi tatu zinaweza kukaa pamoja kwa nasibu tu, kama abiria watatu wasiojuana waliokaa kiti kimoja cha daladala. Mtawanyiko ukiwa wa kawaida, umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi katika kundi la risasi 10 unatarajiwa kuwa mkubwa kuliko wa kundi la risasi 3 kwa zaidi ya nusu, bunduki ikiwa ileile, mtu yuleyule, siku ileile. Mwenye kulinganisha tatu za leo na kumi za jana amelinganisha vitu viwili tofauti, na mwenye kulinganisha tatu na tatu amerusha sarafu. Najua mtaniambia risasi zinagharimu. Kweli. Lakini kopo la risasi za mashindano huwa na 500. Kumi kabla ya badiliko na kumi baada yake ni ishirini, na ukirudia mara mbili una jibu unaloweza kulitegemea. Aliyepiga tatu tatu kwa mwezi mzima amelimaliza kopo lilelile na hana jibu hata moja. Nani mbadhirifu?

Je, nasema usiguse kitu? La hasha. Nasema uguse kimoja kwa wakati, na uanze na kile kinachoweza kuyavuruga yote yanayokifuata. Skrubu zinazoshika mtutu na mtambo kwenye kitako huja kwanza: zikilegea, kila kipimo kitakachofuata ni uongo. Zikaze kwa ufunguo wake hasa, kwa nguvu ileile kila mara, kisha uziache. Baada ya hapo nenda kwenye risasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa kidogo hununua mengi. Lugha yetu imeyaita madini na kitu kinachofyatuliwa kwa jina moja, risasi, na kwa bunduki ya hewa jina halikukosea: ni kidonge cha risasi laini chenye kiuno cha nyigu na sketi nyuma, na kichwa bapa ili kikate karatasi tundu la mviringo linaloweza kuamuliwa bila ugomvi. Makopo mazuri huandikwa kipenyo cha kichwa, 4.49, 4.50 au 4.51. Tofauti ya sehemu moja ya mia ya milimita inaonekana upuuzi mpaka ukumbuke kwamba mifereji ya mtutu lazima ikishike kidonge bila kukikaba, na hakuna mitutu miwili iliyo sawasawa. Mtutu wako utachagua wenyewe. Kazi yako ni kuuwekea aina nne au tano mbele na kupiga makundi ya kumi kumi. Kisha nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa ugali, maana madini hayo ni sumu.

Baada ya risasi, hewa. Bunduki ya kisasa hubeba mtungi uliojazwa hadi baa 200 hivi, wakati tairi la gari dogo hutosheka na baa mbili na kitu. Hewa hiyo hupitia regyuleta, ndugu wa ile ya gesi yako ya kupikia, inayoishusha ili kila risasi isukumwe sawa na kutoka kwa kasi ya mita 170 hivi kwa sekunde. Mtungi ukishuka chini ya kiwango ilichowekewa regyuleta, kasi hupungua na matundu huanza kuteremka, na wewe, nakujua, utakimbilia kilengeo. Tazama geji kwanza. Tazama pia mwaka uliochapwa kwenye mtungi, kwani mitungi hii ina ukomo wa matumizi na baa 200 si kitu cha kufanyia utani. Regyuleta yenyewe usiifungue. Huyo ana fundi wake.

Kilichobaki ni mwili, na hapa skrubu zina kazi ya halali. Urefu wa kitako na kimo cha mto wa shavu virekebishwe mpaka jicho, likifunguliwa baada ya kuwa limefumbwa, lijikute lenyewe katikati ya tundu la kilengeo cha nyuma. Shingo inayonyooshwa kwenda kukitafuta kilengeo itakaa mahali tofauti kila mara, na bunduki italaumiwa. Kilengeo cha mbele chenye pete kisiwe cha kubana sana kuzunguka duara jeusi, kwani weupe mwembamba kati yao hulidanganya jicho lililochoka. Vikishatulia hivyo, na kundi likiwa dogo, hesabu umbali wa katikati yake hadi kwenye kitone, na usogeze kilengeo mara moja.

Pingamizi zito kuliko yote limeletwa na msomaji anayejua historia. Anauliza: mbona Abhinav Bindra wa India, katika Olimpiki ya Beijing, tarehe 11 Agosti 2008, alirekebisha kilengeo muda mfupi kabla ya fainali ya mita 10 na akatwaa dhahabu, ya kwanza kwa Mhindi katika mchezo wa mtu binafsi? Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, risasi yake ya majaribio ilikwenda mbali kabisa, akageuza kilengeo, akaendelea, akafunga na 10.8. Hoja ni nzuri, nami naipokea, lakini inaninufaisha mimi. Bindra alijua ukubwa wa kundi lake kutokana na maelfu ya risasi za mazoezi. Kosa lilipozidi mara nyingi kile ambacho bahati yake iliweza kuzaa, hakuhitaji risasi kumi kujua kwamba kuna kitu kimesogezwa. Mkaza Skrubu hana kipimo hicho bado, na ndicho ninachomtaka akatafute.

Kwa mjukuu wa Leicester, mwenye bunduki ya kamani, aliyetia matone ya oili ya kawaida “ili ikimbie” na sasa inatoa moshi na mlio mkubwa: hongera, umetengeneza injini ya dizeli. Pistoni ikibana hewa, joto hupanda na oili huwaka. Nguvu haikuongezeka kwa mpangilio wowote, imekuwa ya kubahatisha, na hilo linaua usahihi na kisha springi. Acha kutia oili humo. Na bunduki ya aina hiyo usiikumbatie kwa nguvu, kwani pistoni huitikisa nyuma na mbele kabla risasi haijatoka mtutuni. Ipumzishe kiganjani, mahali palepale kila mara.

Mkaza Skrubu, nenda klabu na kadi kumi na kopo moja, usiguse kitu, kisha niletee kundi lako kubwa kuliko yote. Dogo ubaki nalo. Bisibisi irudi kwenye droo ya cherehani leo kabla ya magharibi. Mke wako naye ameniandikia, na ana suruali tatu zinazosubiri kupindwa.