Jinsi ya Kuifanya Barabara Iwe Salama Kwenye Makaratasi

Hongera, Mwenyekiti. Umekabidhiwa kamati ya usalama barabarani ya mtaa, na picha yako ukiwa na kofia nyeupe imeshazunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp. Sasa wanataka mpango shirikishi wa usafiri. Usihangaike, ndugu yangu. Kamati hizi nimezikalia hapa Arusha, kuanzia Sakina hadi Tengeru, na nakuhakikishia unaweza kumaliza kipindi chako bila tuta hata moja kuinuka, na bado ukaagwa kwa vigelegele.

1. Itisha mkutano Jumanne saa nne asubuhi.

Serikali ina utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotaka mipango ianzie kwa wananchi, ipande kwenye kata, ndipo ifike baraza la madiwani. Usiupinge. Wewe upangie saa tu. Jumanne saa nne bodaboda wako kijiweni, makonda wananing'inia kwenye milango ya vifodi, yaani daladala zetu, akina mama wanapanga nyanya na watoto wako darasani. Utabaki na wastaafu na wajumbe wanaosubiri posho. Karatasi ya mahudhurio izunguke kabla ya soda. Muhtasari uwe umeshaandikwa tangu Jumapili: wananchi walishirikishwa kikamilifu.

Kuna mama mmoja atakuja hata hivyo, aproni bado iko kiunoni. Ataeleza kwamba lori likipita jioni linamwangushia mwamvuli, na kwamba watoto wa shule hawavukii kwenye zebra kwa sababu zebra iko mbele ya geti la benki, wakati wao wanatokea kichochoroni, nyuma ya mashine ya kusaga. Atakuonyesha kwa kidole mahali gari lilipomkanyaga mtoto wa jirani. Huyo ni wa kuogopa, kwa sababu anajua. Mshukuru, mwambie hoja yake ni nzito, kisha mteue kwenye kamati ndogo. Kamati ndogo usiipangie siku ya kukutana.

2. Hesabu magari siku isiyo ya soko.

Tengeru soko ni Jumatano na Jumamosi, Ngaramtoni ni Alhamisi na Jumapili. Siku hizo mikungu ya ndizi, punda, mikokoteni na wanunuzi hujaa mpaka kwenye mstari mweupe, na vifodi husimama popote abiria anapoinua mkono. Kwa hiyo hesabu Jumatatu. Na uhesabu magari tu, maana mtembea kwa miguu hana namba ya usajili. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Usipowahesabu, takwimu zako zitatoka zimetulia kabisa.

3. Laumu bodaboda.

Hapa huhitaji maandalizi. Taja mishikaki, taja kofia ngumu zinazovaliwa kiwikoni, ukumbi utaitikia. Kumbusha kwamba mwaka 2021 faini yao ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, utapigiwa makofi. Usikumbushe kwamba chalii huyo huyo wa bodaboda ndiye anayekurudisha nyumbani usiku, wala kwamba kofia unaiomba pale tu unapomwona trafiki mbele.

Kisha wagawie vizibao vya reflekta. Jina lako liandikwe kubwa, mgongo mzima, lifunike ile mistari inayong'aa. Usiku dereva wa lori hatamwona chalii, lakini mchana mtaa mzima utakuona wewe.

4. Omba barabara pana.

Hakuna anayeichukia barabara pana. Sakina hadi Tengeru tulipata njia nne, tukashangilia, na bibi aliyekuwa akivuka njia mbili sasa anavuka nne. Mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Hesabu za namna hii ziweke kwenye kiambatisho, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo.

5. Chora zebra pale atakaposhukia mgeni rasmi.

Wiki ya Nenda kwa Usalama ndiyo sikukuu yako. Fulana ziwepo, bendi iwepo, stika zibandikwe kwenye vioo. Rangi ipakwe usiku wa kuamkia hafla, na iwe ya bei ya chini, ili mvua za masika ziifute na mwakani uwe na kazi ya kufanya. Mgeni rasmi avuke mara moja, polepole, akimshika mkono mtoto aliyevaa sare safi. Magari yatasimama yote, maana trafiki wanne watakuwa wameyasimamisha. Piga picha. Mtoto huyo kesho atavuka peke yake, lakini mpiga picha atakuwa ameshaondoka.

6. Andika barua moja, nakala kwa ofisi tano.

Barabara kuu ni ya TANROADS. Za mtaani ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Leseni za vifodi ziko LATRA, stendi ni ya Jiji, makosa ni ya trafiki. Tuta mnalolitaka liko pale barabara ya mtaa inapoingia barabara kuu, kwa hiyo linawahusu wote. Kila ofisi itamsubiri mwenzake ajibu kwanza, kwa heshima tu.

7. Jihadhari na mfano wa Dar es Salaam.

Wapo waliotuharibia huko. Shirika la Amend lilianza kwa kutafuta shule ambazo watoto wake wanagongwa zaidi, kisha likajenga njia za miguu, matuta, vivuko na vizuizi vya magari, na pengine kuhamisha geti la shule. Kazi ya gharama ndogo, hata utepe wa kukata haina! Mwaka 2019 mradi huo ukapewa tuzo ya WRI Ross ya miji, iliyotolewa kwa mara ya kwanza. Ukiulizwa mbona sisi hatufanyi hivyo, jibu kwamba Arusha ni jiji la utalii na mazingira yetu ni tofauti. Tofauti ni ipi, hakuna atakayeuliza.

8. Ajali ikitokea, wahi kumtaja Mungu.

Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni, lori lililoripotiwa kufeli breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafa. Breki usiiguse kwenye hotuba yako. Breki ina fundi, ina mwenye lori, ina mkaguzi, na kila mmoja ana jina na namba ya simu. Mapenzi ya Mungu hayaitwi kwenye kikao kujieleza. Toa pole, tangaza rambirambi, ahidi kuunda kamati. Kamati unayo tayari, ila siku hiyo hakuna atakayekumbuka.

Ukimaliza, funga kikao kwa sala. Na ukitoka hapo ofisini, Mwenyekiti wangu, usivukie mbele ya geti. Zunguka mpaka kwenye mataa. Hapo mbele watu wanagongwa.